Kidole cha mwisho na lile doa kwenye gita langu

Gita langu la kwanza lina doa. Liko chini kidogo ya uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, katikati ya tundu la sauti na daraja linaloshika nyuzi, vanishi imetoka yote na mbao imeanza kubonyea kama vile kuna mtu alikuwa anakaa hapo na msumari anakwangua kila siku. Hakuna aliyekwangua, ni kidole changu kidogo cha mkono wa kulia tu. Karibu miaka tisa kila nikishika gita kinaenda chenyewe kinatua pale pale, wenzake wanahangaika na nyuzi chenyewe kimetulia kama bosi. Na wala sikuwa najua kama kinafanya hivyo, siku moja nafuta vumbi ndo nikaliona doa nikaanza kujiuliza hili limetokea wapi, nikamlaumu hadi aliyewahi kuniazima gita, maskini wa watu hana kosa.

Mi nimejifunza mwenyewe, kwa kusikiliza na kuangalia watu, kwahiyo hakuna aliyewahi kuniambia weka kidole hapa au toa hapa. Na nisieleweke vibaya, kukalisha kidole kidogo kwenye ubao wa gita sio dhambi, kina historia ndefu kuliko mimi na wewe. Wapiga luti wa Ulaya, kile chombo cha nyuzi chenye mgongo wa duara, walikuwa wanafundishwa kabisa kukiweka hapo, Mwingereza Thomas Mace ameliandika jambo hilo mwaka 1676 akisema kitulie kwenye ubao. Hata Fernando Sor, Mhispania aliyetoa mafunzo yake ya gita kule Paris mwaka 1830, alikiri kwamba mara moja moja anakisimamisha hapo chini ya uzi wa kwanza, ila anaongeza kwamba anakiinua mara tu kazi yake ikiisha. Hako ka nyongeza ndo kalinipita mimi. Changu kilikuwa hakiinuki.

Na pia kuna watu wamepiga maajabu bila kukihitaji kabisa hiki kidole. Merle Travis, Mmarekani, alikuwa anapiga kwa gumba na kidole cha shahada basi, na ukisikiliza unadhani kuna watu wawili. Jean Bosco Mwenda wa Katanga kule Kongo, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kuimba kwa Kiswahili, gita lake nalo ni gumba na shahada, besi inatembea huku na melodi inatembea kule. Kwahiyo mtu akija akakwambia bila kidole kidogo wewe sio mpigaji wa vidole, mwambie akasikilize kwanza halafu mtaongea. Mi mwenyewe kilichonipeleka kwenye hiki kidole sio tamaa ya kutumia vidole vitano, ni kidole cha pete.

Ilikuwa hivi. Nilitaka kujifunza tremolo, ile gumba linapiga besi halafu cha pete, cha kati na shahada vinapiga uzi mmoja haraka haraka vikifuatana mpaka sauti inakuwa kama haikatiki. Kwangu ilikuwa inakatika. Ilikuwa inasikika kama mtu anayechechemea, hatua mbili nzuri moja mbovu, na ile mbovu kila nikipunguza spidi nichunguze nakuta ni cha pete kimechelewa. Nikakisakama kweli kweli hicho kidole, mazoezi ya cha pete na cha kati asubuhi, cha pete na shahada jioni, miezi minne mitano, kinapata nafuu kidogo halafu nikiongeza tempo kinarudi kulekule. Nikaanza kuamini kwamba nimezaliwa na kidole cha pete kibovu, watu wengine wana sauti mbaya mi nina kidole kibovu, ndo nilivyopangiwa.

Kuna mzee mmoja alikuwa anapiga gita la nyuzi za nailoni, mtu mkimya sana, siku hiyo nimekaa naye namwonyesha hiyo tremolo yangu inayochechemea nikitegemea atanipa zoezi la cha pete. Hakunipa zoezi. Akachukua penseli akaipitisha chini ya kidole changu kidogo akakiinua kutoka kwenye ubao, akabaki ameshikilia hivyo hivyo, akasema haya piga.

Nikapiga. Nikakosa uzi. Nikapiga tena nikagonga nyuzi mbili kwa pamoja. Nikamwambia mzee, mkono umepotea. Akasema umepotea ndio, utarudi. Basi, somo limeisha, akaendelea na chai yake.

Sasa nisikudanganye, wiki tatu za kwanza ni aibu. Nyimbo ambazo nilikuwa napiga nikiwa naongea na watu zikawa zinanishinda. Unajua ukikalisha kidole pale mkono unakuwa na mahali pa kupimia umbali, uzi wa kwanza uko hapa wa tatu uko pale, ukikitoa ghafla mkono unaelea hewani na kila uzi unautafuta kwa kubahatisha. Nilichokuja kukigundua baadae ni kwamba mkono una nanga nyingine nyingi ambazo nilikuwa sizitumii. Gumba likitulia kwenye uzi wa besi kabla ya kupiga, hiyo ni nanga. Vidole vikigusa nyuzi vyote kabla ya kuzipiga, hiyo ni nanga. Na kigasha, kile kipande cha mkono chini ya kiwiko, pale kinapolala juu ya ukingo wa gita, hiyo ndo nanga kubwa kuliko zote, na huwa haipo mtu akikaza bega. Wiki ya nne nikashtuka nimepiga wimbo mzima na kidole kinaelea na sijakosea, na ile tremolo, jamani, cha pete kinaingia kwa wakati wake. Hakijafanyishwa zoezi lolote jipya. Kimeachiwa tu.

Hapo ndo nikataka kujua kwanini, nikaanza kusoma habari za mkono. Kwa kifupi, misuli inayokunja cha pete na inayokunja kidogo imeshikana, na kano zao zinavutana, hivi vidole viwili ni kama ndugu waliofungwa kamba moja. Fanya sasa hivi, kunja kidole kidogo peke yake kuelekea kiganjani uone cha pete kinavyokifuata. Kwahiyo mimi nilikuwa nimekipigilia kidogo kwenye ubao halafu namtukana cha pete kwanini hatembei, nimemfunga ndugu yake mguu halafu nashangaa naye hakimbii.

Ila kuna jaribio la pili ambalo lilinishangaza zaidi. Laza kiganja mezani, vidole vyote chini, halafu inua kimoja kimoja. Shahada kinanyanyuka fresh. Cha kati hivi hivi. Cha pete kinanyanyuka kwa tabu, kama kimegundishwa. Kidogo? Kinanyanyuka kirahisi tu. Yani kile tunachokiita dhaifu kwenye kufunguka kina msuli wake wa kujinyoosha, cha pete hakina. Kidole kidogo kinajifungua chenyewe lakini kinajikunja kwa kumtegemea jirani. Hii ningeijua mapema ningeokoa karibu mwaka mzima, na sasa hivi naeleza huo mwaka ulivyopotea.

Maana sikuridhika. Mtu ukishaona kidole kimefunguliwa na mambo yamekuwa mazuri unaanza kuwaza, je kikipewa kazi kabisa? Na hoja zipo, tena nzuri. Chukua kodi ya C ya kawaida (kodi za gita, sio zile za kulipa), ile ya kuanzia uzi wa tano mpaka wa kwanza. Ni nyuzi tano. Ukiwa na vidole vinne vya kulia haiwezekani ukazidonoa zote kwa mpigo mmoja, lazima gumba lifagie uzi wa tano na wa nne, na hapo inasikika kama kitu kinamwagika, sio vibaya lakini ni sauti nyingine. Ukiwa na vitano, gumba, shahada, cha kati, cha pete, kidogo, kila mmoja na uzi wake, kodi inalia yote kwa pamoja kama mtu amebonyeza piano. Mara ya kwanza kuisikia hiyo kwenye gita langu nilirudia ile kodi moja labda mara arobaini, mtu akiwa nje angesema huyu kachanganyikiwa.

Na kuna watu wameshika bango la hiki kidole. Charles Postlewate, Mmarekani, amekitetea kwa miaka mingi kwamba mkono wa kulia wa gita ni wa vidole vitano. Štěpán Rak, Mcheki, ukimwangalia anavyopiga mkono wake wa kulia wote uko kazini. Wapiga flamenko, ule muziki wa Hispania, wao wamekitumia siku zote kwenye rasgeado, ile ya kufungua vidole kimoja kimoja kwenye nyuzi kama feni ya mkononi, na mara nyingi kidogo ndo kinachotangulia. Halafu kuna wale wanaoshika piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, kwa gumba na shahada halafu wanadonoa kwa vidole vilivyobaki, wale wamebaki na vitatu tu, kwahiyo kidogo kwao sio anasa, ni mfanyakazi. Pamoja na yote hayo mpaka leo hiki kidole hakina hata herufi ya uhakika. Gumba ni p, shahada i, cha kati m, cha pete a, zimetokana na Kihispania na dunia nzima imekubali. Ukifika kwa kidogo huyu anaandika c, huyu e, mwingine x. Mtoto wa mwisho asiye na cheti cha kuzaliwa. Mi natumia c.

Basi nikaanza mazoezi kwa hasira, na hasira ndo neno lenyewe. Nilikuwa nakikunja kidole kidogo kukivuta uzi wa kwanza, mara mia, mara mia tena, tempo ikifika mapigo 80 kwa dakika naongeza, nikisikia kinachoka nasema ndo kinakomaa. Huku cha pete nakizuia kisifuate, eti nataka kila kidole kijitegemee. Ukishaelewa ile kamba moja ya ndugu wawili unajua hiyo ni vita gani, unavuta huku unazuia huku. Baada ya miezi kama miwili nikaanza kusikia moto upande wa nje wa mkono, kutoka kwenye kifundo kwenda juu. Nikaendelea. Halafu usiku mmoja nikaamka kidole kidogo kina ganzi, na nusu ya cha pete, nusu kabisa, ile ya upande wa kidogo. Nikakung'uta mkono nikalala. Usiku wa pili tena.

Nikaenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo na gita langu, akanitazama navyokaa, wala hakuhangaika na kidole, akashika kiwiko. Ule mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule ukijigonga ukutani unasikia umeme mpaka unataka kulia na kucheka, huo ndo unaohudumia kidole kidogo na nusu ya cha pete. Mimi nilikuwa nakaa mkono umekunjwa sana na kiwiko kinabana saa nzima, halafu juu yake nakaza misuli. Akaniambia pumzika, na ukirudi rudi kwa dakika. Nilipumzika wiki sita bila kugusa gita, wiki ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Katika hizo wiki nikasoma habari za Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani ambaye katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe vikakataa kunyooka, akaishi miongo kadhaa akipiga vipande vya mkono wa kushoto peke yake. Yangu haikuwa hiyo, nilikuwa nimebana mshipa tu, ila jina lake lilinikaa kichwani na mpaka leo nikisikia moto naweka gita chini hata kama wimbo uko katikati. Watu wanashangaa, washangae tu.

Kurudi nilirudi kinyume. Badala ya kukikunja nikaanza kwa kukifungua, maana ndo anachokiweza. Dakika mbili za rasgeado, taratibu, kidole kidogo kinafunguka kinapita kwenye nyuzi, kinafuatwa na cha pete, cha kati, shahada. Hakuna nguvu, ni kufungua tu kama unarushia maji mtu usoni. Halafu ndo kukunja, na hapa nikaacha ujinga wa kumzuia cha pete. Kidogo kikipiga, cha pete kinaruhusiwa kutikisika. Cha pete kikipiga, kidogo kinakwenda naye, hakikai kimesimama juu kama cha mtu anayekunywa chai kwa madaha. Hiyo ya kusimama juu ni mbaya sawa na kukipigilia kwenye ubao, kwasababu kimekazwa, na ndugu yake atalipa. Dakika tano kwa siku jumla. Tano, nilikuwa naweka saa ya simu, ikilia naacha hata kama utamu umekolea.

Mkao wa mkono nao ulinisumbua. Kidole kidogo ni kifupi, na mkono wa kawaida umekaa mshazari kwahiyo kidogo ndo kiko mbali kabisa na nyuzi. Ushauri nilioukuta mara nyingi ni kugeuza kifundo mpaka vifundo vya vidole vilale sambamba na nyuzi, hapo vyote vinafika. Nikageuza. Kweli kikafika, ila shahada na cha kati wakapoteza sauti, ile sauti nene ya mviringo inatoka ukucha ukipita uzi kwa mshazari kidogo, ukipita wima inakuwa nyembamba kama ya kijiko. Yani namlisha mmoja nawanyima wawili. Nikajaribu hiki na kile, mwisho nikakubaliana na kitu cha katikati, mkono unabaki mshazari wake, ukucha wa kidogo naufuga urefu kidogo kuzidi wenzake ili ufidie ufupi wa kidole, na pale tu ninapokihitaji nasogeza mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko, sigeuzi kifundo. Ukucha wenyewe ni mwembamba unakatika hovyo, huo ndo wa kwanza kunasa kwenye sweta, kwenye taulo, kwenye mfuko wa suruali. Tupa kule habari za kuupendezesha, nausugua na msasa laini mpaka hauna kona.

Zoezi ambalo lilinipa furaha, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu moja tu ningempa hili, ni apejio ya kwenda na kurudi, yani kupiga noti za kodi moja moja badala ya zote kwa pamoja. Ukiwa na vidole vya kawaida unapanda na kushuka unapata p, i, m, a, m, i, noti sita, tamu sana kwenye mapigo ya tatu tatu lakini kwenye nne nne lazima uongeze kitu au ukate kitu. Weka kidogo sasa, p, i, m, a, c, a, m, i. Hesabu. Nane! Inakaa kwenye nne nne kama imekatwa na fundi, huongezi hupunguzi. Nilianzia 50 kwenye metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, noti moja kila pigo, nyuzi wazi bila kodi yoyote, na sikusogea mpaka pigo la c lilingane na jirani zake. Ilichukua miezi mitatu kufika spidi ya kueleweka. Ila ikishaingia mkono unabingirika, hakuna kidole kinachorudia haraka, kila mtu anapata muda wa kupumua.

Halafu nikajirekodi, na hapo stimu ikakata kidogo.

Kwenye masikio yangu wakati napiga kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye simu, kila noti ya c ilikuwa imekonda, haijapotea, imekonda tu, kama mtu mmoja kwenye kwaya anaimba kinywa nusu. Na tatizo lenyewe sio kukonda, tatizo ni mahali inapokondea. Ukitumia vidole vitano kila kimoja na uzi wake, kidogo kinaangukia uzi wa kwanza, na uzi wa kwanza ndo mara nyingi umebeba melodi, ndo sauti ambayo msikilizaji anaondoka nayo kichwani. Kwahiyo unachukua kidole chenye nguvu kidogo kuliko vyote unakipa sentensi yenyewe ya wimbo, na cha pete ambacho umekihangaikia miaka unakipeleka kwenye uzi wa pili kujaza jaza. Nikakaa nikaliangalia hilo nikaona hapa nimejidanganya, na nadhani wengi wanaoshabikia vidole vitano wanalipita kimya kimya hili, wanakuonyesha apejio kwenye nyuzi wazi, hawakuonyeshi wimbo.

Kwahiyo nikabadilisha swali. Sio tena nitumie kidole kidogo au nisitumie, ni melodi iko wapi sasa hivi. Melodi ikiwa juu kwenye uzi wa kwanza, cha pete kinaenda uzi wa kwanza kama zamani, kidogo kinaelea pembeni, full stop. Melodi ikishuka ikawa ndani, uzi wa pili au wa tatu, au ikiwa kwenye besi na juu ni mapambo, hapo c anaingia, na kule kukonda kwake kunageuka faida kwasababu noti ya juu haitakiwi kupiga kelele, inatakiwa ing'ae kidogo tu. Na zile kodi za nyuzi tano za mpigo mmoja, hasa mwishoni mwa wimbo ambapo kila kitu kimesimama, hapo namwachia aingie na wenzake na hakuna wa kumtafuta.

Kuna siku moja alinifaa nisivyotegemea, au niseme alinifaa nusu. Nilikuwa nampigia dada mmoja mwimbaji, watu wachache tu wamekaa, na kama dakika kumi kabla nafungua zipu ya mfuko wa gita ukucha wa cha pete ukapasuka mpaka kwenye nyama. Sio kukatika, kupasuka, ukigusa uzi unanasa na unauma. Hakuna gundi, hakuna chochote. Nikajisemea bwana we miaka yote hii ya c, c, c, leo ndo leo. Nikapiga nyimbo nne p, i, m, c, cha pete nimekikunja kidogo kimepumzika. Mkono ulienda, sikukosa nyuzi, nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Wimbo wa tatu ulikuwa na melodi ya gita mwanzoni kabla hajaingia kuimba, uzi wa kwanza wote, nikaupiga na c kwa moyo wote. Tulipomaliza nikamwuliza vipi, akasema kaka ilikuwa nzuri, ila ule wa tatu mbona gita lilikuwa kama linanong'ona, nilidhani unanipa nafasi. Nikamwambia ndio, nilikuwa nakupa nafasi.

Siku hizi mazoezi ya c ni zile dakika tano basi, na siku nyingine naziruka. Kwenye nyimbo zangu zote nazozijua kwa moyo nikihesabu ni kama sita zenye noti ya kidole kidogo, na katika hizo sita labda mbili ndo ukikitoa zinaharibika. Kidogo sana kwa kazi yote ile. Ila tremolo yangu haichechemei tena, na hiyo kidogo hakikuipiga hata noti moja.

Wiki iliyopita kuna kijana nimemkuta anajifunza, naangalia mkono wake naona kidole kidogo kimejichomeka kwenye ubao vilevile kama changu, vanishi bado nzima lakini naona inapoelekea. Nikaangalia kama kuna penseli karibu. Haikuwepo, na alikuwa anapiga gumba na shahada tu, besi na melodi, vizuri kabisa, hana shida yoyote na cha pete kwasababu hakitumii. Nikamwacha. Akianza kutaka tremolo ananijua nilipo.

Lile gita la kwanza bado ninalo, naliweka sebuleni. Usiku nikiwa nimechoka nalichukua napiga vile vya zamani bila kufikiri, na kama wimbo wa pili hivi naanza kuhisi ubaridi wa mbao kwenye ncha ya kidole, nikiangalia kimerudi kwenye doa lake, kimeingia kabisa kwenye kile kishimo. Huwa nakiacha wimbo uishe.